Sura ya Saba: Mashine Isiyopenda Kuachwa

Naimo Hirsi alikuwa amesimama kwenye veranda ya kituo cha polisi tangu geti lilipofunguliwa asubuhi, na Inspekta Kalekye alipotoka na faili kwapani, hakumpisha.

"Leo mnampeleka kaka yangu kortini."

"Baada ya chakula cha mchana."

"Mtamsomea kuua."

"Anayesoma ni mwendesha mashtaka. Mimi nachunguza."

"Basi chunguza, dada yangu. Hilo shtaka halina dhamana. Akishasomewa, atakaa rimandi mpaka watoto wake wamsahau sura. Abdiwahab ana mdomo mkali, walahi, hilo hata mimi nitakuapia. Lakini mkono wake haujawahi kumpiga mtu."

"Mdomo wake ndio uliomweka ndani," Kalekye alisema, akampita.

Alikuwa amesema kweli tupu. Naimo aliolewa mwezi uliotangulia, harusi ya Kisomali, wanaume ukumbi wao na wanawake wao. Katika ukumbi wa wanawake, ambako mashungi huvuliwa na nywele huachwa wazi, kamera ilishikwa na mwanamke, Wanza, mfanyakazi wa studio ya Nzuki. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano: Wanza apige picha, Wanza aihamishe kanda kwenye diski, na jicho la mwanamume lisiione. Kisha dereva mmoja wa lori akamwambia Abdiwahab kwamba ameiona harusi ya dada yake kule Mlolongo, katika jumba la video, madereva wakiitazama huku wakila chapati. Abdiwahab, mfanyabiashara wa mbuzi, hakuuliza mara mbili. Alimfuata Jeremiah, mpiga picha wa studio ile ile, akamshika kola katikati ya soko na kumwambia mbele ya watu kwamba angemzika.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi Jeremiah alikutwa chumbani kwake, kwenye njia ya Mumbuni, kichwa kimepasuliwa kwa mguu wa chuma wa stendi ya kamera. Jirani alimsalimia saa nane mchana akiwa mzima; saa kumi mwenye nyumba alimkuta amekufa. Abdiwahab alisema wakati huo alikuwa njiani kwenda Matuu kununua mbuzi, peke yake, gari likapata pancha. Hakuna aliyeiona hiyo pancha.

"Madam, tunapoteza wakati," Koplo Kaloki alisema walipokuwa wakishuka kuelekea stendi ya magari. "Mtu amesema atazika, na maiti ikapatikana. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kila aliyekuwa na kanda ile alikuwa wapi saa nane."

"Wanza alikuwa kanisani. Ni Msabato, kanisa zima limemwona. Nzuki alikuwa dukani, kwenye studio yake."

"Nani alimwona?"

Kaloki alifungua daftari lake, akalifunga.

"Nzuki anasema alikuwa dukani," Kalekye alisema. "Hiyo si sawa na kuwa dukani."

*

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stendi, katikati ya fundi wa kuchomelea vyuma na duka la mbegu. Kila gari lililogeuka lilitupa vumbi jekundu dirishani. Ndani kulikuwa na meza mbili. Kwenye moja Wanza aliwachapia watu barua na wasifu wa kuombea kazi, kwa taipureta. Kwenye nyingine kulikuwa na kompyuta, kasha la aina ya kulala, pana kama sinia, skrini imepandishwa juu yake. Nyuma ya kiti cha meza hiyo kilining'inia kitambaa kikubwa cheupe, kimefumwa kwa mkono, chenye pindo la maua.

Nzuki aliinuka kwa tabasamu. Alikuwa mtu mnene wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa vizuri.

"Karibu, afande. Kaloki, karibu. Wanza, wape viti."

"Viti viko viwili, bosi."

"Basi mimi nitasimama kama mshtakiwa," Nzuki alisema, akacheka peke yake.

Kalekye aliketi, akafungua karatasi ya taarifa.

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Nilishasema. Hapa. Kwa hii kiti."

"Hukutoka hata mara moja?"

"Nitoke niende wapi? Hii mashine hainipi ruhusa. Niko na harusi ya kanisa ya Mitaboni, bwana harusi ananipigia simu kila siku, anataka dividii yake. Sasa kutoa picha kwa kamera na kuweka kwa mashine, hiyo ni rahisi. Kazi ni kuibadilisha iwe ya dividii. Hapo ndipo mashine inaganda. Picha inasimama ti! Mshale hausogei. Ukibonyeza chochote ni kama unabonyeza jiwe. Unazima, unawasha, unaanza upya. Jumamosi ilinihangaisha mpaka nikalala njaa."

"Ni kweli inaganda, afande," Wanza alisema bila kuacha kuchapa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani. "Hii mashine ni kama ng'ombe anayezaa mara ya kwanza. Inataka mwenyewe asimame hapo. Ukiiacha usiku ikibadilisha, asubuhi unaikuta imekwama. Ukikaa nayo, inamaliza."

Kalamu ya Kalekye ilisimama.

"Ukikaa nayo haigandi?"

"Mara nyingi haigandi."

"Jumamosi iliganda na mimi nikiwa hapa," Nzuki alisema haraka. "Wanza hakuwako. Yeye Jumamosi yuko na Mungu wake."

"Na wako je?" Wanza aliuliza.

"Wangu anafanya kazi siku zote."

Kaloki alicheka. Kalekye hakucheka. Alikuwa amesomea kompyuta kabla ya kuingia polisi, na jambo moja alilojifunza ni kwamba mashine haijui nani yumo chumbani. Ikiwa inaganda ikiachwa na haigandi ikikaliwa, basi yule anayeondoka kuna kitu anakibadilisha. Alitaka kujua ni kitu gani, na alitaka kukijua kabla ya mchana.

"Nzuki, ukitoka hapa, hata kwa muda mfupi, unafanya nini kwanza?"

"Kwani ni mtihani?"

"Jibu tu."

"Nafunga dirisha. Nafunika mashine. Navuta mlango. Umeona hiyo vumbi? Ikiingia kwa mashine, mashine imekwisha. Wanza alifuma hiyo kitambaa, akaiwekea nailoni ndani, akatuwekea na sheria. Hata ukienda msalani unafunika."

"Na ukiwa unafanya kazi?"

"Aa, afande. Utafanyaje kazi na skrini imefunikwa? Kitambaa inakaa hapo kwa kiti."

"Kwa hivyo Jumamosi, wakati wote uliokuwa hapa, mashine haikufunikwa."

"Ningeona vipi kama imeganda?"

Kalekye aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsomea, akamgeuzia karatasi. Nzuki aliweka sahihi huku akimsimulia Kaloki habari za bwana harusi wa Mitaboni.

"Sasa nionyeshe faili za Jumamosi."

*

Faili zilikuwa mbili, za harusi ile ile. Kalekye alilinganisha kwanza saa ya kompyuta na yake ya mkononi, zilikubaliana. Faili ya kwanza ilianzishwa Jumamosi saa nane kasoro robo. Ilikatika njiani, mara ya mwisho kuguswa ilikuwa saa nane na dakika kumi. Ya pili ilianzishwa saa tisa na nusu, na ilikuwa imekamilika.

"Umesema ilikuwa inaganda na kuganda," Kalekye alisema. "Hapa naona imeganda mara moja."

"Zingine nilifuta."

"Lakini hii mbovu uliiacha."

Nzuki aliinua mabega. "Nilisahau."

"Iliganda saa nane na dakika kumi. Ulianza upya saa tisa na nusu. Katikati hapo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nabembeleza mashine. Ilikataa kuwaka. Afande, wewe umesoma, unajua kompyuta. Ikikataa, imekataa."

Hilo lilikuwa jibu ambalo lingeweza kusimama kortini. Wakili yeyote angeuliza: je, mashine haigandi? Inaganda. Je, haiwezi kukataa kuwaka? Inaweza. Na Jumamosi ile Nzuki angebaki kwenye kiti chake, na Abdiwahab kwenye chake.

"Anza tena harusi ya Mitaboni," Kalekye alisema. "Mbele yangu. Kama ulivyofanya Jumamosi."

Nzuki aliketi, akabonyeza. Mstari wa buluu ulianza kutambaa chini ya skrini.

"Ikiwa tatizo ni picha zenyewe," Kalekye alimwambia Kaloki, "itaganda pale pale ilipoganda. Kanda yenye kovu hukwama kwenye kovu lake."

Walingoja. Faili ile mbovu ilikuwa imekatikia mahali bibi harusi anapoingia mlangoni mwa kanisa. Bibi harusi aliingia. Alipita kati ya viti, akafika madhabahuni, akainama. Mstari wa buluu uliendelea kutambaa.

"Si picha," Kalekye alisema.

"Basi ni stima," Nzuki alisema. "Huyu jirani akichomelea, taa zote zinalegea. Hata juzi alinichomea balbu."

"Jumamosi alikuwa anachomelea?"

"Kila siku anachomelea."

Kalekye alimtuma Kaloki nje. Sauti ya koplo ilisikika kupitia ukuta, kisha ya fundi.

"Mnataka nichomelee nini?"

"Chochote."

"Na nani atanunua hiyo chochote?"

"Chomelea, bwana, ni amri ya serikali!"

Mwanga mweupe ulimulika dirishani. Taa ya dari ililegea, ikarudi, ikalegea tena. Wanza aliacha kuchapa akaitazama skrini. Kwenye skrini, bwana harusi wa Mitaboni alimvisha mkewe pete bila kutikisika. Fundi alichomelea mpaka Kaloki akaenda kumzuia.

"Si stima," Kalekye alisema.

"Virusi basi. Hizi vitu zina virusi."

"Virusi vinavyongoja Jumamosi?"

Simu yake ililia. Ilikuwa mwendesha mashtaka.

"Inspekta, mtu wako ameshapandishwa kwenye gari. Mheshimiwa anataka kuanza mapema, ana safari. Kuna jambo lolote napaswa kulijua kabla sijasoma?"

"Bado. Acha simu yako wazi."

"Mimi nikiingia ndani nazima."

"Usizime," Kalekye alisema, akakata.

Mstari wa buluu ulikuwa umepita nusu. Mashine ilikuwa inafanya kazi kama mashine mpya, na hilo lilikuwa baya kwake kuliko kwa Nzuki. Nzuki angesema tu kwamba leo imeamua kuwa na adabu. Kaloki alirudi, akasimama karibu na sikio lake.

"Madam, tumekosa. Twende tukale, twende kortini."

Kalekye alitazama chumba. Dirisha lilikuwa wazi, mlango wazi. Watu wanne walikuwa wameikalia mashine kama wagonjwa wanaomngoja daktari, na mashine, kama alivyosema Wanza, ilikuwa inamaliza.

"Nzuki," alisema, "anza upya kutoka mwanzo, halafu twende tunywe chai. Mimi nanunua. Sote."

"Na mashine?"

"Iache."

*

Nzuki alifanya alichofanya siku zote. Alianza upya, akahakikisha mstari umeanza kutambaa, akafunga dirisha. Kisha, akiwa bado anamweleza Wanza ni wapi wanapika maandazi yasiyonyonya mafuta, alinyoosha mkono nyuma ya kiti, akachukua kitambaa, akakikung'uta mara moja na kuiteremshia mashine yote, skrini na kasha, mpaka pindo la maua likagusa meza pande zote.

Kalekye alikuwa mlangoni. Aliuona mkono ule ukienda na kurudi. Aliwapisha watoke.

Kwenye kibanda cha chai Nzuki alikula andazi la pili na la tatu. Kaloki aliitazama saa yake mara nyingi kuliko chai yake. Wanza alizungumza kidogo, kisha, bila kuulizwa, alisema:

"Jeremiah hakuuza ile kanda."

Nzuki aliacha kutafuna.

"Umejuaje?" Kalekye aliuliza.

"Aliniambia Ijumaa, baada ya yule kijana kumshika kola. Alisema, 'Wanza, nimefikiria ni nani, na Jumapili naenda kwa hao watu niwaambie.' Sikumuuliza jina. Niliogopa atanitaja mimi, kwa sababu mimi ndio nilipiga hizo picha. Wale akina mama walinifungulia nywele zao. Siwezi hata kupita mtaani kwao."

"Mbona hukuandikisha hayo?"

"Hamkuniuliza nini alisema. Mliniuliza nilikuwa kanisa gani."

Kaloki aliangalia chini.

"Watu waliokasirika wanasema mambo mengi," Nzuki alisema. Sauti yake ilikuwa laini. "Mungu amrehemu. Turudi, afande? Niko na kazi."

Walirudi. Nzuki alitangulia, akafungua mlango, akainua kitambaa kwa ncha mbili kama mtu anayefunua chakula cha mgeni.

Bibi harusi wa Mitaboni alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, mguu mmoja hewani. Mstari wa buluu haukutambaa. Nzuki alisukuma kipanya, mshale haukusogea.

"Si nilikuambia!" Alipiga meza kwa furaha. "Umeona? Umeona, Kaloki? Mnafikiri mimi ni mwongo? Hii ndiyo ilinifanya Jumamosi. Imeganda hapa hapa, karibu kabisa na ile mahali!"

"Nimeona," Kalekye alisema.

Aliweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa haraka. Lilikuwa na moto wa sufuria. Nyuma yake, kwenye matundu ya feni, hewa ilitoka kama pumzi ya tanuri.

"Wanza, una bisibisi?"

Kalekye alilegeza skrubu yeye mwenyewe, akainua kifuniko. Hakuna waya uliokatwa, hakuna kilichochomolewa. Feni ilikuwa inazunguka. Vumbi lilikuwa jembamba, kidogo kuliko alivyotarajia. Kitambaa kilikuwa kimefanya kazi yake. Alirudisha kifuniko, akangoja kasha lipoe, akaiwasha mashine. Iliwaka mara ya kwanza.

"Leo haijakataa kuwaka," alisema.

"Leo iko sawa," Nzuki alisema, lakini furaha ilikuwa imepungua.

"Anza tena. Safari hii funga dirisha, vuta mlango, twende sote nje. Usifunike."

Walisimama kwenye veranda kama watu waliofungiwa nje na mwenye nyumba. Kaloki hakuitazama tena saa yake. Alikuwa ameanza kumtazama Nzuki. Walipokuwa wamesimama muda kama ule wa chai na zaidi, Kalekye alisukuma mlango. Bibi harusi alikuwa ameshavishwa pete na alikuwa anakata keki.

"Hakukuwa na mtu," Wanza alisema polepole. "Na haijaganda."

"Haitaki mtu," Kalekye alisema. "Haijawahi kutaka mtu. Nzuki, anza tena, na unipe hicho kitambaa."

Hakuna aliyetoka safari hii. Kalekye alikitandaza kitambaa mwenyewe, nailoni ikiwa chini, akakivuta mpaka pindo likagusa meza. Kisha akaketi mbele ya ule mlima mweupe, mikono juu ya magoti. Mlio wa feni ulisikika kutoka chini ya kitambaa, mwanzo kama nyuki mmoja, kisha kama mzinga. Nzuki alisimama karibu na ukuta. Fundi wa jirani aligonga chuma, akaacha, akagonga. Simu ya Kalekye ililia. Aliitazama, akaiacha ilie. Mlio wa feni ulipanda mpaka mahali ambapo haukuweza kupanda tena.

Alifunua. Bibi harusi alikuwa mlangoni mwa kanisa, mguu hewani.

"Mashine ikibadilisha video inatoa joto kuliko ikiandika barua," Kalekye alisema. Alizungumza kama mtu anayesoma ripoti. "Joto linatokea hapo nyuma. Mkiifunika kwa nailoni, halina pa kutokea. Ndiyo maana mkiiacha usiku mnaikuta imeganda. Mliiona inaganda mkiiacha, mkafikiri inataka mtu. Ilitaka hewa. Inaganda ikifunikwa, Nzuki. Na wewe unaifunika ukitoka."

"Labda..." Nzuki alilamba midomo. "Labda Jumamosi niliifunika nikiwa hapa. Kulikuwa na vumbi."

Kalekye alichukua karatasi ya taarifa. "'Utafanyaje kazi na skrini imefunikwa? Ningeona vipi kama imeganda?' Hii ni sahihi yako. Wanza, amewahi kukaa hapa mashine ikiwa imefunikwa?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Kwa nini mtu akae mbele ya kitambaa?"

"Uliianzisha saa nane kasoro robo," Kalekye aliendelea. "Ukaifunika, kwa sababu mkono wako huifunika kabla kichwa hakijaukumbusha. Ukavuta mlango. Saa nane na dakika kumi iliganda, na hapakuwa na mtu wa kuiwasha mpaka saa tisa na nusu. Kutoka hapa hadi kwa Jeremiah ni mwendo mfupi wa miguu. Sikuulizi kama ulitoka. Hilo ninalo. Nakuuliza ulikwenda wapi."

Nzuki alimtazama Wanza, kana kwamba yeye ndiye angemjibia. Wanza alikuwa amevua miwani. Alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Ni wewe ulipeleka wale akina mama Mlolongo," alisema. "Nzuki. Ni wewe."

"Nyamaza."

"Nilikupa funguo ya kabati la kanda! Ulisema unataka kanda tupu!"

"Wanza, nyamaza!"

Kaloki alikuwa ameshasimama mlangoni, mabega yameziba mwanga. Nzuki aliliona hilo. Aliketi kwenye kiti kama gunia lililoachiliwa.

"Mwaitu," alisema, na sasa hakumwita Kalekye afande, alimwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, Jeremiah alishaniambia amejua ni mimi. Mimi nilienda kuongea. Nilitaka anyamaze tu, kama mtu mzima. Nilimwambia, ukienda kwa hao watu hii studio imekufa, hakuna mwanamke ataleta harusi yake hapa tena, hata wewe utakula nini? Akasema heri afe njaa. Akanigeuzia mgongo, akawa anapanga kamera yake kwa mfuko. Anapanga tu, kama mimi sipo. Ile stendi ilikuwa hapo kwa kitanda."

"Halafu?"

"Halafu nilirudi hapa," Nzuki alisema. "Nikakuta imeganda."

Kalekye alikuwa ameshaishika simu. Iliita kwa muda mrefu. Iliposhikwa, sauti ya mwendesha mashtaka ilikuwa mnong'ono wa hasira.

"Nimekupigia hukushika. Niko ndani. Wanaita jina lake sasa hivi."

"Usisome. Nina mtu hapa aliyetoka kukiri, mbele ya koplo na shahidi. Ni Nzuki."

"Kukiri kwa mdomo kutakataliwa, unajua hivyo."

"Usiutegemee mdomo wake. Nina faili zenye saa, nina taarifa yenye sahihi yake, na nina jaribio ninaloweza kulirudia mbele ya jaji mara atakazotaka."

Mwendesha mashtaka hakukata simu. Kwa mbali, Kalekye alisikia karani akiita kwa sauti ya kuchoka: Abdiwahab Hirsi, simama. Alisikia mnyororo ukigonga ubao. Kaloki alikuwa ameacha kufunga pingu ili asikilize. Kisha kiti kilisukumwa nyuma, na sauti ya mwendesha mashtaka ikaja, si ya kunong'ona tena, wala haikuwa ikizungumza naye.

"Mheshimiwa, upande wa mashtaka hauna shtaka la kumsomea mtu huyu."

Mwanamke mmoja, mahali fulani kwenye viti vya nyuma vya korti, alilia kwa sauti, na askari akamwambia atoke nje.